Cheni mpya inaruka, ya zamani ilikuwa hairuki: nikate pingili au ninunue nini?

"Fundi, salaam. Nina baiskeli ya mtumba, gia sita nyuma na sproketi moja mbele. Naipenda kwa sababu ni nyepesi. Kila siku natoka Mikanjuni, hapa Tanga, namwacha mwanangu shule, kisha naenda kazini Raskazone. Cheni ya zamani ilikuwa imeshika kutu na kulegea, lakini haikuwahi kuruka. Mwezi uliopita nikampa fundi wa mtaani aibadilishe. Tangu afunge mpya, nikikanyaga kwa nguvu kidogo, hasa nikiondoka kwenye kipilefti au nikikabiliwa na upepo, inapiga 'kataka!' na pedali inashuka ghafla. Juzi nusura nianguke na mtoto yuko kwenye keria. Nikamrudia fundi, akasema cheni ni ndefu, akate pingili mbili. Jirani anasema nimeuziwa cheni feki. Shemeji yangu anasema niipake oili chafu, itazoea yenyewe. Mimi gia sibadilishi, natumia ile ya katikati siku zote maana mji wetu ni tambarare. Nimsikilize nani? Na kutu nitaizuiaje, wakati kazini baiskeli inashinda nje, hatua chache kutoka baharini? Sina hela ya kununua vitu kwa kubahatisha."

Dada yangu, nianze na la haraka: usimpakie mtoto kwenye hiyo baiskeli mpaka tulimalize hili. Cheni ikiruka ukiwa peke yako unaumia goti au unachubuka kiganja. Ikiruka na mtoto yuko nyuma, uzito wote unahamia upande mmoja kwa mara moja, na wewe huna mguu wa kuuzuia, kwa sababu mguu umeshashuka na pedali. Kwa siku hizi chache apande bajaji, au mtembee.

Sasa swali lenyewe. Watu watatu wamekushauri, na wote watatu wameikamata cheni. Mimi naona cheni haina hatia. Kidokezo kikubwa umekitoa wewe mwenyewe, tena kama jambo la kupita tu: gia hubadilishi, unatumia ya katikati siku zote. Kilichochakaa, kwa maelezo yako, ni ile sproketi moja ya nyuma unayoitumia kila siku. Cheni mpya imefika ikakuta meno yameshaharibika, na kwa kuwa yenyewe ni nzima, haiwezi kukaa juu yake.

Najua linashangaza. Mtu anatoa kitu kibovu, anaweka kizima, halafu tatizo ndipo linapoanza! Wengi hapo humlaumu muuza duka. Lakini ukiijua cheni ilivyoundwa utaona kwamba haikuwa na namna nyingine.

Cheni ya baiskeli ni pingili zilizounganishwa kwa pini, na juu ya kila pini kuna rola ndogo inayozunguka. Umbo hilo alilibuni Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na mpaka leo halijabadilika sana. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Phoenix ya babu iliyobeba nazi na baiskeli ya mashindano ya Ulaya zote zina kipimo hicho hicho. Meno ya sproketi nayo yamechongwa yakae kwa nafasi hiyo, ili kila rola iingie bondeni mwake na mzigo ugawanyike kwenye meno mengi kwa pamoja.

Mafundi wengi tunasema cheni "imevutika". Ni neno tu la kazini, chuma chenyewe hakijavutika. Kinacholika ni pini na tundu inamozunguka. Kila pingili inapojikunja kuingia kwenye sproketi na kujinyoosha kutoka, pini inasuguana na tundu lake. Mchanga ukiingia humo, na kutu, msuguano unakuwa msasa. Pini inapungua kidogo, tundu linapanuka kidogo. Kwa pingili moja huwezi kuliona kwa jicho: ikifika hatua ya kutakiwa kubadilishwa, kila pingili imeongezeka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini cheni ya gia ina pingili kama 110, na jumla yake inafika milimita 7 hivi. Ndiyo ule ulegevu uliokuwa unauona.

Sasa cheni yenye pingili ndefu haiwezi kukaa bondeni vizuri. Rola zinapanda juu kidogo kwenye jino na kulisukuma sehemu ambayo halikutengenezwa kusukumwa, na jino linaanza kuchimbika upande mmoja. Polepole linapoteza umbo lake na kulala, mpaka ukilitazama kwa ubavu linafanana na pezi la papa, limepinda na ncha kali. (Watu wa mtaa wetu wa Mabanda ya Papa wataniwia radhi.) Cheni ya zamani haikuona tabu, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyoyachonga meno hayo kwa urefu wake. Vilichakaa pamoja, vikaelewana. Ungeendelea nayo hivyo hivyo isingeruka kwa muda mrefu bado, ingawa ingekuwa inakula na sproketi ya mbele.

Ukaweka cheni yenye kipimo sahihi. Rola moja inashika jino, zile zinazofuata hazifiki bondeni, zinakaa kwenye mteremko wa lile pezi. Ukikanyaga polepole zinashikilia. Ukikanyaga kwa nguvu zinapanda mteremko, zinavuka ncha, zinaangukia jino linalofuata. Hiyo ndiyo "kataka" yako. Na nguvu yenyewe si ndogo. Mkono wa pedali una urefu wa karibu milimita 170, na sproketi ya mbele yenye meno 42 ina nusu kipenyo cha milimita 85 hivi, kwa hiyo cheni inavutwa mara mbili ya unavyokanyaga. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedali anaivuta cheni kama kilo 120. Ndiyo maana inaruka ukiondoka kwenye kipilefti, na ndiyo maana inaruka upepo wa kaskazi unapokukabili njia ya Raskazone, lakini ukiteleza zako barabarani inatulia kabisa.

Utauliza kwa nini nyuma na si mbele. Hesabu ni nyepesi. Tairi la kipenyo cha kawaida linazunguka kama mara 480 kwa kilomita moja, na kila linapozunguka ukiwa unakanyaga, kila jino la nyuma linakutana na cheni mara moja. Sproketi ya mbele yenye meno 42 inazunguka chini ya nusu ya hapo. Meno ya nyuma ni machache na yanafanya kazi zaidi ya mara mbili. Na wewe una sproketi sita nyuma, lakini kazi yote umeipa moja. Sikulaumu, mji wetu hauna vilima vya kumlazimisha mtu aguse gia. Nimeona baiskeli nyingi za mtumba ambazo kijiti cha gia kimeganda kwa kutu kwa kutoguswa. Lakini matokeo yake ni kwamba sproketi moja imeisha wakati tano nyingine karibu ni mpya.

Na hapo ndipo jaribio la bure linapopatikana. Tafuta barabara iliyo wazi, ukiwa peke yako, ubaki umekaa kwenye siti, usisimame. Weka gia yako ya siku zote, mwendo mdogo, shika breki ya nyuma kidogo huku unakanyaga ili cheni ipate mzigo. Ikiruka, hamia gia ya jirani yenye sproketi kubwa kidogo, rudia vile vile. Kisha jirani wa upande wa pili. Kama inaruka kwenye ile ya katikati tu na kwingine imetulia, kesi imekwisha: ni sproketi.

Ila sitaki nikupe uhakika ambao sina, kwa sababu baiskeli yako sijaishika mkononi. Kuna mambo mengine matatu yanayoruka kwa namna inayofanana, na mojawapo linaweza kuwa kazi ya fundi aliyefunga cheni. Pini ikipigwa kuunganisha cheni, pingili ile hubanwa, inakuwa ngumu kujikunja. Ikifika kwenye sproketi inainuka badala ya kulala. Dalili yake ni mpangilio: inaruka kwa kufuatana, karibu kila baada ya mizunguko miwili na nusu ya pedali, gia yoyote, hata ukikanyaga taratibu. Zungusha pedali kinyumenyume kwa mkono, polepole, huku ukiutazama ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma. Ukiona unashtuka kila pingili fulani inapopita, umeipata. Ishike cheni kwa mikono miwili, vidole gumba pande zote za ile pini, uikunje kidogo kuelekea ubavuni, kulia na kushoto, mpaka ilegee. Dakika moja, hailipiwi.

La pili ni waya wa gia. Waya ukilegea au ukishika kutu ndani ya kava, cheni inakaa katikati ya sproketi mbili na kujaribu kuhama. Hapo utasikia inakwaruza kabla ya kuruka, na mara nyingi inaruka gia zaidi ya moja. Baiskeli inayoshinda ufukweni lazima waya wake uangaliwe hata kama hauna kosa leo.

La tatu ndilo ninaloliogopa. Ndani ya friwili, yaani kile kifurushi cha sproketi za nyuma, kuna vijikucha vidogo vyenye springi, ndivyo vinavyoshika unapokanyaga na kuachia unapoacha. Vikiganda kwa kutu au springi ikikatika, pedali inashuka tupu: cheni haijaruka jino hata moja, imetulia mahali pake, lakini tairi haliendi. Wewe umesema unasikia mlio, kwa hiyo sidhani. Lakini siku ukikanyaga ikashuka bila mlio wowote, shuka hapo hapo uikokote. Friwili ya namna hiyo haina kipimo cha lini itashika na lini itakuachia.

Sasa nirudi kwa washauri wako. Kukata pingili mbili hakutasaidia kitu, na kwa baiskeli ya gia kunaweza kukugharimu. Urefu wa cheni nzima na nafasi kati ya pini ni mambo mawili tofauti. Ukikata pingili umepunguza urefu wa jumla, lakini kila pini bado iko milimita 12.7 kutoka kwa mwenzake, na pezi la papa liko pale pale. Kwa Phoenix ya gia moja, cheni ikilegea unarudisha tairi nyuma au unakata pingili, na fundi aliyelelewa kwenye hizo atatoa jibu hilo hata akiamshwa usingizini. Kwa gia, ulegevu unamezwa na ule mkono wa nyuma wenye springi. Cheni inatakiwa iwe na urefu wa kuzunguka sproketi ya mbele na ile kubwa ya nyuma bila kupita kwenye mkono wa gia, kisha kuzidi inchi moja. Ikiwa fupi kuliko hapo, siku ukiingiza gia ya mwisho kwa bahati mbaya cheni inakaza kama waya wa umeme, mkono wa gia unang'oka na unaweza kuingia kwenye spoku. Basi hapo utanunua vitu vingi kweli.

Jirani wa cheni feki simpuuzi moja kwa moja, maana cheni dhaifu zipo. Lakini cheni dhaifu huchakaa haraka au hukatika, haianzi kuruka siku ya kwanza. Swali la maana zaidi la kuuliza dukani ni upana. Cheni ya baiskeli za gia moja ina nafasi ya ndani ya inchi moja ya nane, milimita 3.2 hivi, ya gia sita ni nyembamba, milimita 2.4. Pini zinalingana nafasi, kwa hiyo ile pana inaingia kwenye meno na inazunguka, mtu asiyejua haoni tofauti. Ila inagusa sproketi ya jirani, inakwaruza, na gia hazikai. Kwa kawaida upana huandikwa kwenye boksi, na kama huna boksi, isimamishe baiskeli, tazama kutoka nyuma: cheni ikiwa kwenye sproketi yako, lazima kuwe na uwazi kati yake na sproketi ya pembeni.

Shemeji wa oili chafu nitamrudia. Kwanza tuzungumze hela.

Una njia tatu, na zote ni halali. Ya kwanza haina gharama: hama. Kama jaribio limeonyesha gia za jirani ni nzima, acha kabisa ile ya katikati, tumia moja yenye sproketi kubwa zaidi kuondokea na moja ndogo ukishachanganya mwendo. Friwili nyingi za gia sita huwa na meno 14 kwenye ndogo hadi 28 kwenye kubwa, kwa hiyo jirani wa katikati atakuwa na meno mawili matatu zaidi au pungufu, na miguu yako itazoea wiki hiyo hiyo. Baya lake ni kwamba ukibadilisha kutoka upande mmoja hadi mwingine unapita juu ya ile mbovu, na ukisahau ukakanyaga kwa nguvu hapo, itaruka. Kwa mtu anayeendesha peke yake naona inatosha. Kwako wewe mwenye mtoto, ichukue kama njia ya kusubiria mshahara.

Ya pili ni kubadilisha friwili nzima, na hiyo ndiyo ningekuchagulia. Sproketi moja moja za friwili hizi huwa haziuzwi, unanunua kifurushi cha sita. Nunua ya gia sita ile ile, usishawishiwe ya saba kwa kuwa "ni bora zaidi". Nafasi kati ya sproketi zake na kijiti chako cha gia zinaweza zisielewane. Usichukue ya kuchomolewa kwenye baiskeli nyingine, kwa sababu utakuwa umenunua tatizo hili hili lililochakazwa na mtu mwingine. Cheni yako mpya inabaki. Ina mwezi mmoja tu, haijaharibika, ingawa ukiendelea kuirusha juu ya meno yale utaiumiza.

Ya tatu ni kurudisha cheni ya zamani, kama fundi hakuitupa. Mafundi wengi wataicheka, lakini ni hesabu ya kweli: cheni na sproketi zilizochakaa pamoja zinaweza kuendelea muda mrefu, na wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, wanaacha kila kitu kiishe ndipo wabadilishe vyote mara moja. Ubaya wake ni mbili. Sproketi ya mbele nayo inaliwa, na hiyo kwa baiskeli nyingi za mtumba ni tabu kuipata ya saizi. Na cheni iliyokula kutu kama ulivyoeleza inaweza kukatika wakati wowote. Kwa hiyo kwako ninaikataa, japokuwa kwa baiskeli ya kwenda gengeni nisingeikataa.

Haya, oili chafu. Nisikilize kwa makini hapa, kwa sababu ndiyo inayomaliza baiskeli nyingi za mji huu, na inapendwa kwa kuwa ni ya bure kwenye gereji yoyote. Oili ikishatumika kwenye injini imebeba masizi, unga wa chuma na asidi. Yaani unachukua uchafu uliotolewa kwenye injini kwa kuwa unaisaga, unaupeleka kwenye pini za cheni. Nje inanata, vumbi na mchanga vinakaa, na baada ya siku mbili una uji mweusi unaosaga saa zote unapokanyaga. Pia inapakaa gauni la mtoto, na mikono inayoishika kila mara inajiwekea hatari: ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Hakuna cheni "itakayozoea" kwa njia hiyo. Kitakachotokea ni cheni mpya kuchakaa haraka mpaka ifanane na sproketi mbovu, na kweli wakati huo itaacha kuruka. Shemeji hajakosea kabisa, amekupa tu njia ya kuiharibu cheni ili ilingane na sproketi.

Kutu ya ufukweni ina tabia yake. Pale Raskazone upepo unaleta matone madogo ya maji ya bahari, maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya chuma. Chumvi hiyo inavuta unyevu hewani. Chumvi ya mezani huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi. Ya bahari ina magnesi, huanza mapema zaidi. Ndiyo maana chumvi ya jikoni Tanga inakuwa tope wakati wa masika. Kwa hiyo hata siku isiyo na mvua cheni yako inalala imelowa maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanaharakisha kutu kuliko maji ya kisima. Hata kutu yenyewe ikibanduka ni unga mgumu, unaingia kwenye pini na kusaga.

Dawa ni maji yasiyo na chumvi na mafuta kidogo, mara kwa mara. Mara moja kwa wiki mwagia cheni na friwili maji safi ya ndoo, taratibu, kuondoa chumvi. Usiipeleke kwenye yale mashine ya kuoshea magari, presha inasukuma maji na mchanga ndani ya habu kwenye gololi. Ifute ikauke. Kama ina uji mweusi, sugua kwanza kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, ufute, uache yaliyobaki yapae. Mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalainishi. Kisha ndiyo mafuta.

Hapa watu wanakosea mahali pa kutia. Pindua baiskeli au iegemeze, tazama upande wa chini wa cheni, ule unaopita karibu na ardhi. Dondosha tone moja juu ya kila rola, kwa ndani, upande unaogusa meno. Tone moja. Ukimaliza duru nzima zungusha pedali nyuma mara ishirini thelathini ili mafuta yaingie kwenye pini, kaa nayo dakika kumi, halafu chukua kitambaa ufute nje mpaka ukigusa kwa kidole ubaki na alama hafifu tu. Mafuta yanatakiwa ndani. Yanayobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga.

Mafuta gani? Yale ya cheni ya baiskeli kama utayapata, chagua yale mazito ya majira ya mvua, yanavumilia unyevu wa pwani. Usipoyapata, oili mpya ya injini, matone hayo hayo, inafaa sana kuliko watu wanavyodhani. Mafuta ya cherehani ni mazuri lakini mepesi, itabidi urudie kila siku mbili tatu. Grisi iache kwenye gololi, haiingii kwenye pini. Mafuta ya nazi tuyaachie nywele.

Ukiweza, kazini ihamishe baiskeli nyuma ya ukuta usiotazama bahari, hata kama ni kona ya jenereta. Na usiifunike kwa nailoni ikiwa imelowa, unaifungia mvuke ndani.

Ili siku nyingine usifike hapa, ipime cheni kila baada ya miezi miwili. Rula ya shule ya sentimita 30 haitoshi, ni fupi karibu milimita 5. Azima futi ya chuma ya seremala yenye inchi. Weka alama ya inchi kamili katikati ya pini moja, hesabu inchi 12: pini nyingine inatakiwa iwe juu ya alama kabisa. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni peke yake na sproketi zako zitapona. Ikizidi milimita 3, umechelewa, friwili nayo imeshachongwa. Kwa hela, cheni ndicho kitu cha kutolewa sadaka ili vingine viishi.

Kwa fundi itabidi uende, kwa sababu friwili haifunguki kwa spana ya nyumbani. Imejikaza kwa kila ulipokanyaga, na kwa chumvi ya Raskazone itakuwa imeganda. Kuna kifaa chake chenye meno kinachoingia katikati. Fundi anakibana kwenye jiriwa, anaikalisha tairi juu yake na kuizungusha kwa mikono miwili kama usukani. Atie mafuta ya kulainisha kwenye nyuzi za friwili usiku mmoja kabla. Ukimwona anashika nyundo na tindo, mshukuru, chukua tairi lako, nenda kwa mwingine, Ngamiani hawakosekani. Wakati tairi liko nje mwombe aangalie ekseli ya nyuma na gololi, apake nyuzi mpya grisi kabla ya kufunga, na akaze nati za keria unayomkalishia mtoto.

Kabla hajakurudishia, fanya jaribio lile lile la breki, gia zote sita, ukiwa peke yako. Zikitulia zote, mtoto apande. Na fundi akisema lazima ununue na sproketi ya mbele, usikatae wala usikubali. Mwombe akuonyeshe meno yake. Kama ncha ni butu na mabonde yanafanana pande zote mbili, lipia friwili peke yake.